Rangi ya Uso wa Doto

Kuna fundi wa mdomo na kuna fundi wa mikono. Pale Bunda mjini, nyuma ya stendi ya mabasi, Kulwa alikuwa vyote viwili. Ukimpelekea televisheni iliyopigwa na radi, alikuwa anakupa kwanza historia ya radi zote zilizowahi kupiga kuanzia Mugeta mpaka Musoma, ndipo anashika bisibisi. Wateja walikuwa wanalalamika, na walikuwa wanarudi. Fundi anayekutengenezea kitu na kukuchekesha juu yake, utamwacha uende wapi?

Hayo ni ya kabla ya Doto. Siku hizi ukimpelekea televisheni anakuuliza, "Ina shida gani?" Ukishamweleza anasema, "Iache." Basi, mazungumzo yameisha, nenda zako.

Doto ni pacha wake. Anayetangulia kutoka tumboni ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na majina hayo hayana mjadala. Hawa wawili walifanana mpaka inaudhi. Shuleni mwalimu mmoja alichoka kumchapa asiyehusika, akaamua kuwachapa wote kila kosa, hesabu ikawa imekaa sawa. Walipokua, Doto alioa Butiama akahamia huko, akawa dereva wa lori la pamba. Kulwa akabaki Bunda na waya zake. Lakini hata Butiama, Kulwa akipita barabarani watu walikuwa wanamdai ahadi alizoahidi Doto, naye alikuwa anazitimiza, maana kueleza ilikuwa kazi kubwa kuliko kutimiza.

Mwaka jana, msimu wa pamba, Doto alianguka wakati vijana wakipakia marobota kwenye lori lake. Hakuamka. Hospitali walisema moyo.

Sasa sikiliza mambo ya ukoo wao. Kwao pacha hafi, na kwa sababu hafi, haliliwi. Wanasema amerudi alikotoka. Ukimlilia, ukapiga yowe na kujigaragaza, unamwita na yule aliyebaki amfuate. Kwa hiyo siku ya maziko mzee Masatu, baba yao mdogo, ndiye aliyeshika mambo kwa mkono wa chuma. Wanawake walionywa mapema. Kulwa alifungiwa chumba cha nyuma pamoja na shangazi yake, asimwone pacha wake kwenye jeneza, na jeneza lilipopita uani wakaongeza sauti ya redio. Alipotolewa, udongo ulikuwa umeshalundikwa. Akaletewa chakula, akala.

Usiseme ukoo ule ni wakatili. Waliogopa. Walishapoteza mmoja, na hofu ya kupoteza wa pili si mchezo. Mama yao mwenyewe, Justina, alikaa kwenye mkeka siku zote za msiba akiwa ameng'ata ncha ya kitenge chake, na chozi halikutoka. Watu wakamsifu kwamba ni jasiri.

Kulwa yeye alingoja. Alijua uchungu utakuja, kama ukitoka kung'olewa jino unavyojua ganzi itaisha jioni na utakiona cha moto. Ganzi haikuisha. Alikwenda kazini, akarudi. Mkewe Lilian siku moja alisahau chumvi kwenye mboga, yeye mwenyewe akaitema, akamtazama mumewe. Kulwa alikuwa amemaliza sahani na kushukuru. Lilian alitoka nje akakaa kwenye ndoo, akalia peke yake. Alikuwa anamwogopea mumewe, na hakuwa na wa kumwambia, maana nani atakwenda kwa wazee kushtaki kwamba mtu wake hana huzuni?

Nyumbani kwa mama, Mugeta, kulikuwa na tatizo jingine. Macho ya Justina yalikuwa yanakwenda. Daktari wa macho huko Mwanza alisema ni presha ya macho. Dawa za matone zingechelewesha tu, zisingerudisha kilichopotea. Alishabakiwa na kuona kwa katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na hata hapo katikati pana ukungu. Akitaka kuona uso wa mtu inabidi amsogelee, amzungushie kichwa taratibu mpaka ampate. Yeye mwenyewe alisema bila kulalamika, "Nimebakiwa na kidogo. Sitaki kukimaliza kwa kuangalia kuku."

Alikuwa anataka kumwona Doto. Hilo ndilo alilolitaka, na alilisema kila siku. Picha za karatasi walizonazo ni za ujana. Lakini Diana, binti wa Doto, alikuwa na video ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, iliyofanyika Musoma, miezi michache kabla ya msiba. Bibi hakuihudhuria, alikuwa amelazwa na nimonia. Humo ndani Doto anacheza, anashika kipaza sauti, anamkabidhi binti yake na kutania wakwe. Kwenye simu uso wa Doto ni mdogo kama punje ya mahindi, na bibi hakuambulia kitu. Ndipo mume wa Diana akanunua televisheni kubwa na kiboksi cha kuangalizia vitu vya mtandaoni. Video ikapandishwa mtandaoni, simu ikawasha intaneti, bibi akawekewa kiti karibu kabisa na kioo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Justina aliinama, akazungusha kichwa mpaka akampata mtu aliyekuwa anacheza katikati ya ukumbi. Alikuwa na rangi ya majivu. Suti ya damu ya mzee imekuwa ya kijivu, meno ya kijivu, ngozi haina uhai.

"Huyu ni maiti," Justina akasema. "Mmeniletea mwanangu akiwa maiti. Zimeni."

Kisha akasema hatamwangalia tena mpaka siku watakayokuwa wamemtengeneza. Akatoka akaenda kuchambua mchicha kwa vidole. Diana akampigia Kulwa akilia, na Kulwa akasema atakuja kesho.

Alifika Jumapili baada ya ibada. Mama yake alikuwa jikoni, nyumba ya pembeni, akamsalimu kwa sauti kupitia mlangoni.

"Umefika, baba?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nitengenezee huyo mtu. Mkiwa tayari mnaniita."

Sebuleni alikuwapo Diana na mzee Masatu. Mzee Masatu hakuitwa na mtu, lakini kitu kinachomhusu pacha kikifanyika kwenye ukoo ule, yeye yupo, kwa kuwa anajua miiko, na kwa kuwa ni mpenda mambo. Kulwa alimwamkia, akaomba rimoti.

Ugonjwa wenyewe aliuona mapema. Simu za siku hizi zinarekodi kwa mfumo unaoitwa HDR. Maana yake picha inabeba mwanga na rangi nyingi kuliko ile tuliyoizoea, taa ikawa taa kweli na kivuli kikawa kivuli. Lakini mzigo mpana unataka mlango mpana. Kiboksi kilikuwa kinasukuma HDR muda wote, hata kwenye picha isiyokuwa nayo, na tundu la HDMI kwenye televisheni, pale waya wa kiboksi unapochomekwa, lilikuwa bado kwenye mpangilio wa kawaida kama lilivyotoka kiwandani. Televisheni ilikuwa inapokea kitu isichokisoma. Ndiyo maana watu walikuwa wanapauka.

"Sasa mbona taarifa ya habari inaonyesha vizuri?" Diana aliuliza.

"Taarifa ya habari inapitia antena. Haipiti hapa."

Kulwa wa zamani angeendelea, angekueleza mpaka habari za aliyegundua antena. Alichomoa waya uliokuja na kiboksi, akaweka wa kwake, mnene zaidi. Akaingia kwenye menyu, akalifungua lile tundu lipokee picha pana. Kwenye kiboksi akaweka HDR iwake pale tu video yenyewe inapokuwa nayo. Mwisho akaitoa televisheni kwenye mpangilio wa dukani, ule wa kuwaka kupita kiasi ili mnunuzi aduwae, akaiweka kwenye mpangilio wa filamu. Kioo kikawa cheusi.

"Umeiua," mzee Masatu akasema.

"Inajipanga, baba mdogo."

Alama ndogo ya HDR ikatokea kwenye kona, ikapotea. Halafu Doto akaingia ukumbini.

Alikuja akicheza kwa mabega, suti ya damu ya mzee imemkaa, paji la uso linameta jasho chini ya taa. Mashavu yamejaa. Ukiangalia vizuri ungeona hata kovu la kidevuni la baiskeli. Diana alishika mdomo. Kulwa aliangalia vitambaa vya meza: vyeupe, havina samawati. Aliangalia majani ya mapambo: kijani cha majani, si cha rangi ya ukuta. Akajua picha imekaa. Ndipo akautazama uso wa ndugu yake, ambao hakuruhusiwa kuuona siku ile ya jeneza, akangoja. Hakikuja kitu. Alijisikia kama anaangalia televisheni ya mteja. Hilo lilimtisha kidogo, kisha hata huko kutishika kukaondoka.

"Iko sawa," akasema. "Mwite mama."

"Ngoja kwanza," mzee Masatu akasema. Alikuwa amekunja uso. "Hapa mmezidisha. Doto alikuwaga na rangi hii? Huyu amekolea mno, anang'aa kama kapakwa mafuta. Siku hizi mashine zinapamba watu. Shemeji atasema mmemletea mtu mwingine, na hapo hatutapata nafasi nyingine."

"Babu, baba alikuwa hivi hivi," Diana akasema, lakini alisema bila nguvu. Miezi ilishapita, na mtu ukimkumbuka sana mwisho hujui kama unamkumbuka yeye au unakumbuka kukumbuka kwako.

"Mnabishana nini?" mzee akasema. "Si tunaye hapa mwenzake? Watu walizaliwa uso mmoja. Kulwa, chukua kigoda, kaa pembeni ya kioo tukulinganishe."

Fundi yeyote angekataa. Picha hailinganishwi na mtu aliyekaa karibu na dirisha, mwanga wa dirisha ni mwingine na wa ukumbini ni mwingine. Kulwa alilijua hilo vizuri. Lakini kubishana na mzee kunahitaji mtu anayejali jambo liende wapi, na yeye hakuwa naye huyo mtu. Alivuta kigoda akakaa, mgongo ukutani, uso kwa wenzake, na kioo kikiwa ubavuni pake asikione.

Diana akasimamisha video pale Doto alipogeuka mbele. Akashika rimoti.

"Punguza rangi," mzee Masatu akaagiza.

Akapunguza.

"Bado. Angalia mashavu ya Kulwa, angalia ya huyu. Punguza."

Akapunguza tena. Wakapunguza na utofauti wa mwanga na giza, maana Doto alikuwa na vivuli vikali chini ya macho ya kicheko na Kulwa hana kicheko. Jasho la kwenye paji likawa linasumbua, kwa kuwa linameta na Kulwa hameti. Mzee akauliza kile kinachoitwa HDR hakizimiki? Kulwa akajibu kinazimika, akamwelekeza Diana mahali pa kubonyeza, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mteja. Kikazimwa. Wakaongeza weupe kidogo. Mzee Masatu akafumba jicho moja kama fundi mwashi anayepima ukuta, akatazama mmoja, akatazama mwingine.

"Hapo," akasema. "Hapo sasa ni mapacha."

Na kweli walikuwa wamefanana. Diana aliona hivyo, akapumua. Hakuna aliyejiuliza mbona wamezunguka weee mpaka wamerudi karibu na picha ya jana.

Wakamwita Justina. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akashika ukuta, akashika kiti, akakaa karibu na kioo mpaka magoti yakagusa kabati. Diana akaachia video. Bibi akazungusha kichwa, akatafuta, akampata.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akajiegemeza nyuma.

"Ni yule yule wa jana," akasema. "Mmeniambia mmetengeneza."

"Bibi, tumetengeneza, haki ya Mungu."

"Doto hakuwaga hivi. Mnanidanganya kwa sababu sioni?"

"Shemeji, hatudanganyi," mzee Masatu akasema. Alikuwa ameumia kidogo, kazi yake inakataliwa. "Tumempima. Tumemlinganisha na Kulwa hapa hapa, uso kwa uso. Rangi ni moja."

Justina akageuza kichwa kuelekea sauti ya mzee. Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu, na kwenye televisheni watu wa sendofu walikuwa wanapiga vigelegele.

"Mmemlinganisha na Kulwa," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kulwa yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

Alikuwa bado kwenye kigoda, hatua moja kutoka kwake, lakini pale pembeni mama hakuwa na macho. Tangu msiba alikuwa anamsikia tu mwanawe huyu: shikamoo mlangoni, sukari nimeiweka mezani, nimekwenda mama. Sauti haikumwambia kitu. Alijua yupo, anakula, anafanya kazi, hakumfuata mwenzake. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, na macho yake kidogo aliyobaki nayo alikuwa anamwekea Doto.

"Kwanza irudishe ilivyokuwa kabla hamjalinganisha," akasema. "Wewe unajua ilivyokuwa."

Kulwa aliinuka. Akarudisha HDR, rangi akazirudisha pale alipokuwa ameziacha. Kioo kikawa cheusi, kikawaka. Doto akacheka, mashavu yamejaa, paji linameta. Alikuwa ameshika kipaza sauti anawaambia wakwe kwamba huyu binti anajua kupika, ila yeye baba yake hajawahi kuonja akapona.

Ukumbi mzima ukacheka. Justina akacheka pamoja nao, kicheko kidogo cha puani.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Alikuwa amenona hivyo hivyo, mtoto wangu." Akamwacha aongee, akamfuata kwa kichwa huku na huku mpaka alipokabidhi kipaza sauti. "Basi. Sasa Kulwa njoo hapa mbele yangu."

Kulwa alikuja. Mama alimshika mashavu kwa mikono miwili inayonuka moshi na vitunguu, akamvuta mpaka uso wake ukaingia kwenye lile bomba la kuonea. Akamtazama kama alivyokuwa anamtazama yule wa kwenye kioo. Kwa dole gumba akapita chini ya macho, akapita kwenye mfupa wa shavu, mahali ambapo zamani palikuwa na nyama.

"Tangu lini uko hivi?" akauliza.

Alifikiri kweli, akatafuta, kwa kuwa aliulizwa na mama yake. "Sijui, mama," akasema. "Sisikii kitu."

Chozi likamtoka Justina, likafuatwa na jingine, na kile kitenge alichokuwa anaking'ata siku zote za msiba hakukikumbuka.

Mzee Masatu alisimama. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya woga. "Shemeji, jikaze. Unajua mwiko. Pacha haliliwi."

"Nani amekwambia namlilia Doto?" Justina akasema. "Doto amerudi alikotoka, nimemwona, anacheka. Namlilia huyu."

Mwiko wa kumlilia aliye hai mzee hakuujua, haujawekwa. Akakaa chini.

"Zima hiyo televisheni, Diana," bibi akasema. "Huyo hatabadilika, nitamkuta. Huyu nataka nimwone wakati bado naona."

Diana akazima. Kulwa hakulia, tusimsingizie. Lakini alipoona mama anainama sana kumfikia, alipiga magoti sakafuni ili asimchoshe shingo, akakaa hivyo. Mama alimtazama mpaka macho yakachoka, akayafumba yapumzike, akayafumbua akaendelea. Machozi yake yalikuwa yanaangukia mikononi mwa Kulwa, na Kulwa aliyasikia kwamba ni ya moto.